Baba, Nimefaulu Kunyamaza

Baba,

Shikamoo. Naanza na salamu kama ulivyotufundisha, ingawa hii ni mara ya kwanza maishani mwangu kusema nawe sentensi mbili mfululizo bila kukatizwa. Nimekaa kibandani kwako hapa Tunduma, juu ya lile rundo la maturubai chakavu ulilokuwa ukilalia mchana ukidai kwamba unafikiri. Foleni ya malori ya Zambia na Kongo iko vile vile ulivyoiacha, inaanzia mpakani na kupotelea huko Chapwa. Vumbi nalo halijahama.

Mama hajambo. Tena hajambo kupita kiasi, maana tangu uondoke ameanza kuongea. Anaongea akiosha vyombo, anaongea akichambua maharage, anaongea na madereva wa Kizambia kwa Kibemba ambacho hakuna kati yetu aliyejua kwamba anakijua. Wewe miaka yote ulikuwa unaishia kwenye salamu ya "mulishani mukwai" halafu unamalizia kwa mikono. Juzi nilimkuta amemshika dereva mmoja shati, anamweleza kwamba turubai la marehemu mume wake halivuji, na kama linavuja basi kosa ni la mvua. Nikamuuliza, Mama, siku zote hizi haya maneno yalikuwa wapi? Akanijibu, "Yalikuwepo, ila nafasi ilikuwa imejaa."

Usikasirike. Alisema hivyo akiwa amevaa koti lako. Halivui, hata jua likiwaka.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nimemaliza, Baba. Shahada ya uzamili imekwisha na mimi sasa ni mwanasaikolojia tiba. Nusura nisimalize, na namna nilivyopona wewe mwenyewe umo, ndiyo maana naona ni haki usikie.

Unakumbuka siku nilipojaribu kukueleza kozi hii? Ulikuwa umepiga magoti juu ya turubai la bluu, shazia mkononi, uzi umeung'ata kwa meno. Ukaniuliza wagonjwa tutawachoma sindano gani. Nikasema hatuchomi. Ukauliza vidonge. Nikasema hatutoi. Basi mnawaombea, ukasema, na sauti yako ikaanza kupata wasiwasi. Nikakueleza kwamba mgonjwa anakaa, anaongea, na mimi nasikiliza, na ustadi mkubwa kabisa tunaofundishwa ni kujua wakati wa kunyamaza. Ukachoma shazia, ukavuta uzi mpaka mwisho, ndipo ukasema, "Mama yako ananyamaza tangu tumeoana, na hajapewa hata cheti."

Nyumbani ulisema hivyo. Nje uliwatangazia watu wote kwamba Tusekile wako anasomea udaktari mkubwa wa kichwa. Basi kila nikija likizo nilikuta wamenisubiri mlangoni: mwenye kipandauso, mwenye jino bovu, na yule mama aliyeniletea mtoto mwenye chawa, maana chawa nao wako kichwani. Huko Ikinga, kijijini kwetu, habari ilipanda milima ikafika imepinda zaidi. Wao walielewa kwamba binti yako yuko Dar es Salaam kwa sababu ya akili, na shangazi akafunga siku kadhaa kuniombea. Nilipompigia simu kumweleza kwamba mimi ndiye ninayetibu, alinijibu kwa upole sana kwamba ndiyo, hata wao huwa wanasema hivyo.

Halafu ukafa, Baba. Ukafa ghafla, nikiwa kwenye mitihani, na nilifika Ikinga jeneza likiwa tayari sebuleni. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Njia nzima kwenye basi nilijiambia, nikifika tu nitajitupa chini kama watoto wengine wa watu. Sikupewa nafasi. Nilipokanyaga uwanjani tu, baba mdogo alinidaka mkono akasema, "Afadhali mtaalamu umefika, mama yako hali, hebu mshughulikie." Nikamshughulikia Mama. Nikamshughulikia shangazi, kisha majirani, kisha dereva mmoja kutoka Zambia aliyekuja mazishini na hakuna aliyemjua, analia kuliko ukoo mzima. Kila aliyezidiwa aliletwa kwangu. Mpaka tunarudi kutoka kaburini nilikuwa nimewaliwaza watu wa tarafa nzima na mimi mwenyewe sijatoa hata chozi. Watu wakasifu kwamba elimu imenikaza.

Wiki chache baadaye nikapangiwa mafunzo ya vitendo huku kwetu Mbozi. Hospitali ilinipa chumba cha mwisho kabisa kwenye korido, kilichokuwa stoo ya vyandarua. Sharti la chuo lilikuwa moja lililoninyima usingizi: lazima nipate mgonjwa atakayerudi. Si kuja mara moja. Aje, arudi wiki inayofuata, na inayofuata tena, mpaka tufike mwisho pamoja, na msimamizi wangu atoke Dar es Salaam kuja kuona kwa macho yake. Bila huyo mgonjwa mmoja, shahada hakuna.

Nani arudi, Baba? Mtu ametoka shambani kwake, ameacha kahawa yake juani, amekaa foleni tangu asubuhi. Anaingia kwangu, hapewi dawa, anaambiwa karibu tena wiki ijayo. Mzee mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama hiyo wiki ijayo ndiyo dawa zitakuwa zimefika.

Lakini kilichoniponza hasa ni kule kunyamaza kwenyewe. Pale hospitali viti ni vya kugombania, na vya kwangu viliazimwa kwa ajili ya kikao cha chanjo wala havikurudi. Nikatandika mkeka. Mbozi unaijua kwa baridi, nikawa najifunga kitenge mpaka kichwani. Katikati ya mkeka nikaweka boksi la karatasi laini za kufutia machozi, kama tulivyofundishwa. Sasa piga picha: mtu anafungua mlango, anamkuta binti amekaa chini, amejitanda kitenge, macho yameiva kwa kukosa usingizi, haongei, anaitikia "mh" tu. Kwetu huku mtu akikuta hali hiyo haulizi. Anajua kabisa amefika wapi.

Wa kwanza alikuwa baba mmoja mkulima. Alivua kofia, akakaa. Nikanyamaza kitaalamu. Naye akanyamaza, na kwa kweli alinishinda. Baada ya muda mrefu akainuka, akanipa mkono wa pole, akatoka kinyumenyume. Wa pili alinishika bega akasema nijikaze, ndivyo dunia ilivyo. Kesho yake akarudi, moyo wangu ukaruka nikidhani mgonjwa wangu nimempata, kumbe kaleta unga wa mahindi kwenye beseni na kuni mgongoni. Nikamweleza kwamba maadili ya kazi hayaniruhusu kupokea zawadi. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Nani anakataa unga wa msiba? Sikuelewa mpaka nesi wa zamu aliponiita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini nimefiwa na nani, maana wodi nzima wanachanga.

Nilikana, Baba. Nilisema sijafiwa. Kuna kanuni kwamba ya kwako unayaacha nje ya mlango, na mimi niliifuata kanuni hiyo hadi kwenye korido.

Ndipo msimamizi akaja. Namwita Dokta, mama wa pwani, mkali kama pilipili, hajawahi kupanda huku nyanda za juu. Alishuka kwenye gari na blauzi nyepesi, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa amevaa sweta la nesi, sweta la mhasibu na shuka la wodini juu yake. Akakaa pembeni ya mkeka wangu, kajifunika mpaka usoni, kalamu imetokeza kidogo. Ukimtazama ungesema ni shangazi wa marehemu.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mama kutoka bondeni Momba, Msukuma, wale waliohamia na ng'ombe wao. Jina sikutajii. Ni siri ya kazi, na hata kama marehemu hawana wa kumwambia, wewe ungempata. Moyo ulikuwa unamwenda mbio na halali, amepimwa kila kitu, hakuna kilichoonekana, ndiyo wakamleta kwangu. Haya mengine ninayokwambia ameniruhusu mwenyewe, utaona kwa nini.

Alifungua mlango, akatutazama, mimi na Dokta tumejitanda kimya. Akavua viatu. Akajifunga vizuri khanga kiunoni, akaangua kilio cha mtu anayeingia msibani, kile cha kutoka kwenye kitovu, mpaka wagonjwa wa nje wakanyamaza. Nilimsikia Dokta akiandika kwa kasi. Baadaye aliniambia aliandika kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona mgonjwa anayefunguka kabla hajakaa.

Akakaa karibu yangu, magoti yetu yakagusana, akanishika mkono. "Pole, ng'wanone," akasema, mwanangu kwa kwao. "Ni nani amekutoka?"

Nilijua jibu la darasani. Nilitakiwa kuuliza kwa upole ni nini kimemfanya aulize hivyo. Nilifungua mdomo kulisema hilo jibu, Baba, nikalisema lako.

"Baba yangu."

Basi. Yote yaliyokuwa yamekataa kutoka Ikinga yakatoka pale, mbele ya mgonjwa, mbele ya msimamizi, juu ya mkeka wa serikali. Nililia kamasi zikanitoka. Yule mama alinivutia kifuani kwake, ananuka maziwa na moshi, ananipapasa mgongo, na kwa mkono wa pili ananipitishia karatasi za kufutia machozi, zile nilizomwekea yeye. Nilijua nimefeli. Nikawaza jinsi nitakavyorudi Tunduma kushona maturubai, na shazia siijui.

Nilipotulia, alikuwa bado amenishika. Akaniuliza kama ulizikwa vizuri. Nikasema ndiyo. Watu walikaa? Nikasema walikaa, walijaa. Akatikisa kichwa muda mrefu, ndipo akasema, "Mimi wa kwangu hatukumkalia."

Kijana wake wa kwanza, Baba. Alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Saza, shimo likawafunika, hawakuweza kuwatoa. Wenzake walimletea mama viatu tu. Baba mtu akakataza watu kukaa msiba wa mtu ambaye hajaonekana, akasema huyo atarudi. Kwa hiyo hapakupikwa, hapakuliwa, hakuna aliyemwambia pole. Tangu hapo moyo unamwenda mbio kila mlango ukigongwa. Alikuwa amesikia huko nje kwenye foleni kwamba chumba cha mwisho kuna binti mwenye msiba, akasema moyoni, hapo ndipo nitapata pa kulilia.

Safari hii nilinyamaza, na haikuwa kwa kanuni. Aliongea mpaka wahudumu wa chai wakapita na kurudi.

Alipotoka, Dokta alijifunua shuka. Akaniambia hakuna kanuni hata moja iliyobaki nzima mle chumbani. Akaniambia pia kwamba mtu aliyefiwa juzi hakupaswa kukaa kwenye mkeka ule kabla hajalia kwake, na kwamba nilimficha. Nikasema ndiyo. Kisha akavuta karatasi moja ya kufutia machozi, akapenga, akasema baridi ya huku ni mbaya sana. Hakusema nimefaulu wala nimefeli. Alisema, tutaona kama atarudi.

Wiki ile sikula vizuri. Siku ilipofika nilikaa mkekani nikausikiliza kila mlio wa ndala koridoni. Saa nne ikapita. Saa tano nikaanza kufunga virago. Mlango ukafunguliwa, ni yeye, na nyuma yake mwanamume mrefu ameshika kofia, hatazami mtu. Alikuwa mume wake. "Nimekuja naye," akasema yule mama, "naye hajalia."

Walirudi, Baba. Walirudi mpaka tukafika mwisho, na siku ya mwisho walikwenda kwao wakawaita majirani, wakachinja, wakavizika vile viatu. Sasa yule mama analala. Mimi nami Dokta alinitafutia mtaalamu mwenzangu wa kwenda kukaa kwake kila wiki nikaongee juu yako, na ninaongea sana. Ameshaniambia nimerithi.

Siku ya kuagana yule mama alinipa kazi, na ndiyo iliyonikalisha hapa kibandani. Alisema, "Mwambie baba yako, akimwona kijana wangu huko, ampokee." Nikamwahidi nitakwambia. Kwa hiyo nakwambia. Ni mrefu kama baba yake, mpole, na atakuwa hana viatu. Mtafutie pa kukaa. Mwoneshe unavyoshona, msimulie ya lile turubai la Lubumbashi uliyotusimulia kila siku, hata ukitia chumvi hatajua.

Nimeweka cheti mezani, Mama amekishika mara nyingi hadi kona zimechakaa. Mvua zikikatika nitakileta Ikinga ukione, na ninakuahidi sitakuja kumliwaza mtu yeyote. Nitakaa kando yako nikulilie vizuri, halafu nitanyamaza, nisikilize. Pumzika, Baba.

Ila yule kijana akitaka kusema neno, tafadhali, mpe nafasi.

Mwanao,
Tusekile