Chungu Nyuma ya Magunia ya Unga

Mpendwa Shangazi Dumo,

Nakusoma kila gazeti linapofika Arua, hata likichelewa wiki nzima, na leo ni mimi ninayehitaji msaada, tena wa haraka, maana mwisho wa mwezi huu bwana wa vibali anakuja kumpima kazi mtu ninayemfundisha na siku hiyo ndiyo itakayoamua kama nitabaki Arua au nitafunga mzigo nirudi kwetu Bunia, Kongo.

Mimi ni mwokaji mikate, naitwa Basile, na Mzee Ondoga alipopata duka la mikate mwaka ule Wahindi walipoondoka alikuta tanuri zuri lakini hakuna anayejua kulitumia, ndipo akaniandikia barua ya kazi, akaniombea kibali, nikavuka mpaka pale Vurra na koti langu la mvua na vyombo vyangu vya kazi, na kibali hicho kina jina lake na jina langu na sharti moja tu, kwamba nimfundishe mwananchi hadi aweze kuoka peke yake, na akishaweza, mimi kwaheri.

Mwananchi huyo ni Ayikoru, mjane anayekaa mtaa wa Awindiri, mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na kicheko kinachosikika hadi barabarani. Siku za kazi yuko na mimi, Jumamosi anapika pombe ya kwete nyumbani kwake na watu wanapanga mstari, na nimemfundisha kila kitu, Shangazi, kukanda, kukata, kuwasha moto, kupima joto kwa kiganja, kila kitu isipokuwa kimoja, hamira, kwa kuwa hamira ya kopo haipatikani siku hizi na mimi natengeneza ya kwangu kwa ulezi, inachachuka ndani ya chungu nilichokificha nyuma ya magunia ya unga na kukifunika kwa koti langu la mvua, nikawaambia wote ni dawa ya panya wasikiguse, na kila asubuhi wakati wa kuichanganya namtuma Ayikoru kisimani akateke maji.

Nilifanya hivyo kwa woga tu, wala si kwa ubaya. Mwaka jana bwana wa vibali alipokuja, mkate wa Ayikoru ulitoka bapa kama sahani, akamwuliza kulikoni, naye akajibu, "Mimi hapana jua bado, bwana. Hii kazi iko ngumu sana," huku akinitazama mimi wala hautazami mkate, nami nikamwonea huruma na kufurahi papo hapo, kwa sababu kibali kiliongezwa mwaka mmoja. Safari hii bwana huyo amesema mkate usipoumuka tena, Mzee Ondoga hatapewa mgeni yeyote na duka litafungwa, na Mzee ameanza kunikaripia, "Basile, wewe iko fundisha huyu mama ama wewe iko cheza?"

Nikimwonyesha chungu, naondoka. Nisipomwonyesha, naondoka vilevile na Ayikoru anakosa kazi. Na si kazi tu, Shangazi, nimempenda, nikifikiria asubuhi bila kicheko chake hata chakula hakipiti. Wakati mwingine najipa moyo kwamba labda tanuri lenyewe limezoea mkono wangu, maana mwezi wa nane nililala siku nne hospitali kule Kuluva kwa malaria na mikate ilitoka vizuri tu, hata wateja wa Koboko wanaopelekewa kwa lori walituma sifa, na huko Koboko Mzee ana tanuri jingine linalokaa bure kwa kukosa mwokaji, lakini hayo hayanihusu. Nifanye nini?

Basile, Arua

*

Bwana Basile,

Jibu hili nakutumia kwa posta kwanza. Gazetini litatoka mtihani ukishapita, tena majina nitayabadilisha, ingawa sijui itasaidia nini, Arua ina matanuri mangapi? Pole kwa hofu. Mtu anayeishi kwa karatasi yenye jina la tajiri wake hapati usingizi mzuri, na kwa hilo sikucheki. Nakucheka kwa mengine.

Dawa ya panya! Ndani ya duka la mikate! Shukuru Mungu hakuna mteja aliyesikia, ungewaua kwa woga kabla hawajaonja.

Halafu nijibu swali moja. Siku zile nne ulizokuwa Kuluva ukitetemeka, nani alioka? Tanuri lilijikandia unga? Basile ndugu yangu, umemficha hamira mwanamke anayepika kwete! Huyo amenusa ulezi unaochachuka tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikijua chungu chako wiki ya kwanza, na koti lako juu. Siri ya mtungi muulize kata, na wewe kila asubuhi umekuwa ukiitoa kata nje, ukiituma kisimani.

Sasa urudie ule mkate bapa. Anayejua kuumua mkate akautoa bapa amekusudia. Ayikoru alisimama mbele ya serikali akasema hajui, akaonekana mjinga mwaka mzima, na macho yake yalikuwa kwako. Umeandika mwenyewe kwa kalamu yako na hukuona. Nilipofika hapo nililia kidogo, na mimi si mtu wa kulia.

Lakini uongo wa mapenzi nao ni uongo, na safari hii utafunga duka la mtu. Kesho asubuhi usimtume popote. Mwite, kifunue chungu, mwombe radhi. Akicheka, vumilia, umestahili.

Kisha nendeni wote wawili kwa Mzee Ondoga mkamweleze ukweli wote, hata wa panya. Ati tanuri la Koboko halikuhusu! Hilo ndilo linalokuhusu kuliko yote. Kibali huombi wewe, anaomba tajiri, basi aandike barua kabla ya mtihani, aombe mwokaji wa Koboko, aseme wazi kwamba wa Arua sasa ni Ayikoru na kwamba aliyemfundisha ni wewe. Bwana wa vibali akila mkate wa Ayikoru ulioumuka, ana ushahidi mdomoni. Anaweza kukataa, sikuahidi kitu. Akikataa utavuka Vurra ukiwa umetimiza neno lako, na njia ya Vurra ni ya kwenda na kurudi.

Na habari ya moyo, usimpose kabla ya jibu la ofisi, watu watasema unaoa kibali. Jibu likitoka, liwe ndiyo au hapana, watafute ndugu zako wa Kongo walioko Arua, vaeni vizuri, mwende Awindiri kwa wajomba zake kama inavyopasa. Nadhani hamtakaa mlangoni muda mrefu.

Siku ya mtihani usisimame nyuma yake ukimnong'oneza. Bwana wa vibali akishaketi, mwachie Ayikoru chungu na unga. Wewe chukua ndoo, ukateke maji.

Shangazi Dumo