Shangazi, Chai Yangu Haikukulaza

Shangazi yangu wa Izigo,

Naanza na kosa kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitazunguka weee mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua. Nimekuwa nawadanganya watu juu yako. Tangu uondoke nasimulia jinsi nilivyokuponya kukosa usingizi kwa chai ya majani. Nimesimulia kwenye kundi la vijana la kanisani, nimesimulia saluni ninaposuka hapa Bukoba, kila mteja mwenye macho mekundu nimemsimulia. Sasa akina mama wa usharika wamesikia. Wananitaka Jumapili ijayo baada ya ibada niwafundishe kuipika. Mwenyekiti wao kaniambia, "Uanze na ile ya shangazi yako, ile inagusa."

Nikasema sawa. Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Kwa sababu ile ya shangazi yangu si kweli, na wewe ndiye uliyeijua kwanza.

Unakumbuka siku baba aliponileta? Nilikuwa nimeacha kozi ya pili ndani ya mwaka mmoja. Akakuambia pale pale mlangoni, "Dada, huyu mshike wewe, mimi kanishinda." Ukanitazama mimi, ukaitazama simu mkononi mwangu, ukamuuliza, "Anakula nini, ndizi au bando?" Baba hakucheka. Mimi nilicheka, na toka hapo nikajua nitakaa.

Wiki ya kwanza tu nikagundua hulali. Sikukusikia, niliona kazi. Naamka asubuhi nakuta maharage yameshachambuliwa, ndizi zimemenywa ziko kwenye maji, nguo zangu za jana zimekunjwa vizuri kuliko zilivyotoka dukani. Nikakuuliza, "Shangazi, kwani unalala saa ngapi?" Ukajibu, "Nikichoka kukaa macho." Mzee wako alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, wanao wako mbali na maisha yao, na mimi nikaona hapa nimepata kazi. Nilikuwa nimejifundisha kwa simu kusuka, kutengeneza sabuni, kubadilisha kioo cha simu, na Kifaransa nusu. Usingizi ungenishindaje?

Wale wa kwenye video wana maua yao makavu kwenye makopo mazuri. Mimi nilikuwa na mchaichai wako nyuma ya jiko, pale maji ya vyombo yanapomwagwa, na ule mmea wa mujaja wenye harufu kali kando ya migomba. Nikakata vyote, nikajaza sufuria, nikachemsha kama nachemsha maharage. Ikatoka nyeusi. Ma Kemi alikuwepo, rafiki yako wa ng'ambo ya kibanja chako cha migomba, mjane kama wewe. Ulionja, ukakirudisha kikombe chini. Halafu ukasema, "Hii ni supu ya paa."

"Supu ya paa gani?" nikauliza.

"La nyasi. Mvua ikivuja tulikuwa tunaikinga bure."

Ma Kemi alicheka mpaka akashika nguzo. Nami nikakasirika kidogo, si unajua, lakini kesho yake nikarudi jikoni. Nikajifunza kuponda lile shina jeupe, kuchana majani kwa mkono, kuchemsha maji peke yake kwanza, kuyaepua, ndiyo nitie majani na kufunika kwa jani la mgomba muda wa nyimbo mbili za kwaya. Na asali ya Ngenge, nusu kijiko. Siku ya nne ulikunywa kikombe chote ukasema, "Sasa hii ni chai." Nilikaribia kuruka.

Asubuhi nikakuta karanga zote zimemenywa.

Hapo ndipo ningeacha. Au ningekaa chini nikuulize, Shangazi, unawaza nini usiku wote huo? Swali jepesi hivyo. Sikuuliza. Nilirudi kwenye simu, na simu ikanipa jibu kabla sijamaliza kuandika swali: kahawa.

Nikaona kama nimegundua mafuta. Maana kila jioni, jua likishaanguka upande wa shule, Ma Kemi anakuja, na Ta Yona mwenye baiskeli anakuja, na mwingine yeyote aliyekuwa anapita. Unatandika mkeka, unakileta kile kikapu kidogo chenye mfuniko, umejaza kahawa ya kutafuna, akamwani yako mwenyewe, uliyoichuma, ukaichemsha na majani yake, ukaianika. Unachukua punje moja, unang'ata wewe kwanza ili mgeni ajue ni salama, kisha unawapitishia. Mnatafuna. Halafu mmoja anakumbuka kitu cha zamani sana, mnaanza kucheka mpaka giza linaingia. Mimi nilikuwa naangalia ile kahawa ikiingia mdomoni mwako jioni na kujisemea, huyu mgonjwa anameza ugonjwa wake kila siku, na hakuna anayemwambia.

Nikakuambia. Ukasema, "Nimeanza kutafuna hii kabla baba yako hajaota meno."

Basi nikaamua peke yangu. Jioni ile nilikichukua kikapu nikakificha darini, nyuma ya magunia ya maharage. Wageni walipokaa nikatoka na sinia, vikombe vya chai yangu, ya moto, inatoka mvuke. Nikamwekea kila mtu mbele yake.

Ma Kemi alikitazama kikombe, akautazama mlango wa chumba ambako kikapu huwa kinatokea, akarudi kwenye kikombe.

"Hii ya nini?"

"Ya usingizi, Ma. Jioni kahawa si nzuri. Ina kitu kinaitwa kafeini."

"Na nani kasema mimi naumwa?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri sana Shangazi, ndiyo inayoniuma, nilieleza kama mwalimu, na mkono nanyoosha. Ta Yona akanisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Waitu jamani, mtoto huyu kasoma. Kahawa tumeikuta hapa na tutaiacha hapa, lakini kasoma." Kisha wote wakakutazama wewe.

Sasa najua walikuwa wanasubiri nini. Walikuwa wanasubiri uniambie, "Kakilete kikapu." Neno moja, ningekimbia. Kwetu mgeni akiingia akakaa mkekani na kahawa isitoke, ameambiwa kitu, hata kama hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nimezaliwa mjini, lakini hilo nalijua, nililijua hata siku ile. Niliona tu kwamba simu inajua zaidi.

Wewe ulichukua kikombe chako, ukasema, "Mniwie radhi, anajifunza." Ukanywa. Nao wakanywa, kwa heshima yako, wakaaga mapema.

Kesho yake Ma Kemi hakuja. Keshokutwa Ta Yona alipita na baiskeli yake, akasalimia kutoka barabarani, akaendelea. Nikakuambia, "Umeona? Walikuwa wanafuata kahawa tu." Shangazi, nilisema hivyo. Ulikuwa unachambua mchele, hukuinua kichwa.

Na wiki hiyo ndipo ulipoanza kulala. Au ndivyo ulivyoniambia. "Umelala?" "Nimelala." "Mpaka asubuhi?" "Mpaka asubuhi." Hata vyombo nilianza kuvikuta vichafu. Nilipiga picha kikombe juu ya jani la mgomba, nikairusha mtandaoni, nikaandika shangazi yangu analala kama mtoto. Watu wakauliza, wakasifu, na mwezi uliofuata nikapata nafasi saluni kwa sababu ya hizo sifa sifa zangu, nikakuaga. Nikakuachia majani makavu niliyofunga kwenye karatasi, na maelezo kwa maandishi makubwa. Nikipiga simu nauliza kwanza, "Unakunywa?" "Nakunywa." "Na wageni?" "Wana kazi zao, mwanangu. Ni msimu."

Msimu gani ule usioisha?

Ulipofariki daktari alisema ni moyo, ulikuwa umechoka toka zamani. Baba kanikalisha mara mbili kuniambia majani yangu hayahusiki, maana ananiona sili. Sijawahi kuwaza yanahusika. Kosa langu si hilo.

Kosa langu nililikuta darini, wiki moja baada ya mazishi, tuliposhusha magunia. Kikapu kilikuwa pale pale nilipokiweka, kimelala upande ule ule, buibui amejenga juu ya mfuniko. Hukukigusa. Nilikuwa nimeondoka, nyumba ni yako, kahawa ni yako, ngazi ya kupandia darini inaegemea ukutani, na hukukishusha. Karatasi za majani jikoni zilikuwa zimebaki mbili tu. Ulikunywa kweli. Ulifuata kila nilichoandika.

Nikatoka nje nimekishika. Ma Kemi alikuwa amekaa mbali, karibu na jiko, peke yake, amekaa hivyo toka siku ya kwanza ya msiba. Akakiona. Nikamwambia, "Ma, angalau siku zile za mwisho alikuwa analala."

"Nani?"

"Shangazi."

Aliniangalia kama ananitafuta usoni mtu mwingine. "Dirisha langu linatazama dirisha lake," akasema. "Mimi nawasha taa, yeye kawasha. Mimi nazima kwa kuona aibu, ya kwake inawaka. Ulidhani kahawa ndiyo ilikuwa inatukeshesha? Tangu waume zetu wafe hakuna anayelala hapa. Ndiyo maana tulikuwa tunakaa mpaka giza. Unabaki na usiku mfupi."

"Sasa kwa nini hukuja?"

"Aliyenyima ndiye anayeleta. Nilikuwa nasubiri alete kikapu kwangu, tuyamalize."

"Na yeye mbona hakuleta?"

Ma Kemi alifunga upya kitenge chake. "Angesema nini akifika? Angeanza kwa kusema mtoto wa kaka yake hana adabu. Yule asingelisema hilo hata kwangu."

Nilirudi Bukoba siku iliyofuata na sikumwambia mtu yeyote, na mteja wa kwanza saluni aliponiuliza juu ya usingizi, nikafungua mdomo, ikatoka ile ile. Analala kama mtoto. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ukiambiwa wewe ni mzuri katika kitu kimoja tu, unakishikilia hata kikiwa kinakuunguza.

Lakini baada ya huyu mwenyekiti na Jumapili yake, nikaona sasa basi. Jumamosi iliyopita nilikwenda Izigo. Wiki mbili kabla ya hapo nilipita huko mara moja, nikachuma kahawa kwenye mti wako, ule wa karibu na choo, nikarudi nayo Bukoba nikachemsha na kuanika, na mara hii sikuangalia simu, nilikumbuka mikono yako. Nilikumbuka vibaya, nikamalizia kuzikausha juu ya jiko, nyingine zikaungua. Nikakifuta kikapu, nikajaza, nikafika kwa Ma Kemi saa zile zile za wageni wako. Nikasimama mlangoni.

Hakuniambia karibu, hakuniambia ondoka. Nikapiga magoti, nikafungua mfuniko, nikachukua punje moja nikang'ata mbele yake. Chungu, Shangazi, na moshi. Nikameza. Nikasema, "Ma, aliyenyima ni mimi. Shangazi hakunyima. Kikapu nilikificha mimi, na yeye akanifichia mimi."

Alichukua punje moja, akaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Umekausha mwenyewe?"

"Ndiyo, Ma."

"Inaonekana."

Akaitia mdomoni. Akatafuna taratibu, macho ameyaelekeza kwenye migomba yako kule, na mimi magoti yameshaanza kuuma, sikuthubutu kusogea. Alipomaliza akasema, "Na ile supu ya paa hukuleta?"

Nilikimbia. Mchaichai wako umekuwa kichaka nyuma ya jiko, hakuna anayeukata. Nikaponda, nikafunika kwa jani, nyimbo mbili. Akanywa nusu, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akaniuliza, bila utani wowote, "Hivi inalaza kweli?"

Nikasema, "Sijui, Ma."

Sidhani kama ulishawahi kunisikia nikisema neno hilo. Yeye pia aliniangalia vizuri. Akauliza, "Kesho upo?" Nikasema naondoka Jumatatu. "Basi kesho," akasema.

Kesho yake nikafungua nyumba yako, nikafagia, nikatandika mkeka. Ma Kemi alikuja, na Ta Yona nyuma yake anasukuma baiskeli. Nikaleta kikapu, nikang'ata kwanza, nikapitisha. Hakuna aliyegusia kitu. Ta Yona alitema punje iliyoungua akasema, "Waitu, huyu kasoma mpaka kahawa kaipita." Ma Kemi akacheka akatafuta nguzo ya kushika. Halafu wakaanza kukukumbuka, vitu ambavyo mimi sikuwahi kuvijua, mpaka giza likaingia.

Jumapili nitawafundisha akina mama chai. Nitawaambia ni tamu, nitawaambia mimi inanituliza nikitoka kazini. Nikifika kwenye ile inayogusa nitawaambia hii, yote, na kikapu nitakuwa nimekishika mapajani. Mwenyekiti akikunja uso, akunje.

Usiku ule wa Izigo nililala kitandani kwako na sikupata usingizi hata wa kusingizia. Punje tatu, na moyo unakwenda. Mchaichai ulikuwa hatua kumi tu nyuma ya jiko. Sikuamka kuuchemsha. Ng'ambo ya kibanja taa ya Ma Kemi ilikuwa inawaka, nikaiacha ya kwako pia iwake.

Nisamehe, Shangazi. Sasa ndiyo salamu: wote hatujambo, na Jumapili ikipita kikapu kinarudi mahali pake.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, yule wa bando.