Rotaveta na Bakuli la Mama

Buswahili, Jumanne

Bado naona vile visu vikizunguka.

Fundi wa Bunda ameleta rotaveta mbili, zile mashine za kulimia zenye visu vinavyozunguka, nizijaribu nyuma ya katrekta kangu. Moja ni pana, inamaliza shamba haraka. Nyingine ni nyembamba, inachelewa, lakini ina kifuniko kizuri cha kufunika visu kwa nyuma. Kifuniko cha ile pana kilishatolewa, eti udongo usigande. Nikaona si kitu. Moyo wangu ulikuwa kwenye pana.

Nikaifunga, nikaingia shambani. Nililima macho mbele, kwa sababu ya mawe yetu haya. Mara fundi akapiga kelele: "Zima, dada! Zima!"

Nikazima, nikageuka. Mama alikuwa nyuma yangu kabisa, ameshika bakuli la mahindi, anadondosha mbegu.

Ndivyo tulivyolimaga siku zote. Ng'ombe wanavuta plau, mama anafuata na mbegu. Plau haikuwahi kumvuta mtu. Hii ingeshika kitenge chake tu, halafu...

"Mbona umesimama?" akaniuliza.

Nikamfokea. Mama yangu mzazi, mbele ya mgeni. Akarudi jikoni na bakuli lake.

Nimechukua nyembamba. Fundi ameniambia ukweli: kifuniko kinapunguza hatari, hakiimalizi. Kesho asubuhi naanza kulima, na kisogoni sina macho.

Nimetoka kufunga mlango sasa hivi. Bakuli liko pale kizingitini, limeshajazwa mbegu za kesho.