Kikao cha Kisu cha Muzee Anaclet Kilichopigwa Msasa

CHAMA CHA WAPENZI WA VISU VYA KUKUNJA VYA ZAMANI, DURBAN
Jumamosi, 14 Septemba 2013, saluni kwa Marcelline, Overport

Waliohudhuria: Ciza (Mwenyekiti), Muzee Anaclet, Jules, Steve, Marcelline (Katibu).
Hakuwepo: Laurette, iko kazini Pinetown. Aliomba radhi mapema.

KUMB. NA. 1/9/2013: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane. Katibu aliongoza sala, akamwomba Mungu atupe ulimi wa upole, maana Muzee Anaclet alikuwa ameingia bila kusalimia.

KUMB. NA. 2/9/2013: ZAMU YA MAFUTA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kila mwezi mwanachama mmoja huchukua visu vya wote, akavifuta na kuvitia mafuta. Mwezi wa nane zamu ilimwangukia Steve, mwanachama mpya, muuza machungwa wa soko la Warwick. Vyote vilirudi salama. Ila kisu cha Muzee Anaclet, alichoachiwa na marehemu baba yake kule Bukavu, kilirudi kinawaka kama kijiko cha harusi. Steve alieleza kwamba alikiona cheusi, akakipiga msasa jioni nzima ili kimpendeze mzee kwenye maonyesho yetu ya parokia mwezi wa kumi.

Muzee Anaclet alisema weusi ule haukuwa uchafu, ulikuwa umri wa kisu, na sasa hata alama ya fundi haisomeki. Alitaka kisu kisionyeshwe, na Steve atoke chamani. Aliongeza kwamba kuna watu wakipewa kanisa la zamani watalipaka rangi ya waridi. Kikao kilicheka. Steve hakucheka.

Jules alisema eish, kisu kilazwe ndani ya siki usiku mmoja tu, kitarudi cheusi, na hakuna atakayejua. Muzee alimjibu kwamba Mungu atajua. Katibu aliunga mkono, na anaandika hivyo bila aibu.

Steve aliomba kusimama. Alisema, "Papa Anaclet, nilifikiri ninakuheshimu. Kama ni kutoka, nitatoka. Lakini usikifiche kisu cha baba yako kwa sababu yangu."

Muzee alikichukua kisu, akakifungua, akakikunja, akisikiliza springi. Alikubali kwamba springi iko nzima. Halafu aliuliza kama ni kweli Steve huwamenyea wateja machungwa. Steve alijibu kwamba ni kutwa nzima.

"Basi menya na hiki," Muzee alisema. "Baba alikitia weusi kwa kukatia maembe, maana maji makali ya tunda hushika chuma. Wewe utakitia kwa machungwa. Na kila Jumapili baada ya misa nikione."

KUMB. NA. 3/9/2013: MAAZIMIO
Steve anabaki chamani. Kisu kitaonyeshwa kwa jina la Muzee, jinsi kitakavyokuwa siku hiyo, na Steve mwenyewe atasimama mezani awaeleze wageni kwa nini kinang'aa. Aliulizwa kama ataweza, akajibu ataweza.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi. Sala ya mwisho ilibidi ingoje kidogo, kwa sababu Muzee alikuwa anamwonyesha Steve namna ya kufuta maji ya chungwa kwenye maungio ya kisu, kutu isije ikaingia.

Ciza, Mwenyekiti ....................
Marcelline, Katibu ....................