Mke Wangu Ameniamkia Shikamoo

Mpendwa Mama Magreth, nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwembesongo, nimeoa mwaka huu, mke wangu Mwanahawa kwao ni Mgeta milimani, tumesoma darasa moja kwa hiyo hatuamkiani shikamoo, tunataniana tu, sasa juzi naingia ndani namkuta anamenya magimbi kwa mkono wa kushoto wakati siku zote hutumia wa kulia, akainua macho akasema kwa sauti ya kitoto, “Shikamoo baba. Mimi Yasmin. Mwanahawa amepumzika.” Mama, nilitoka mbio nikaacha viatu! Narudi namkuta Mwanahawa wangu mwenyewe anapika, namuuliza, anacheka, “Kumbe mmeonana! Yasmin mtoto tu, hana neno. Alikuja nikiwa mdogo, nilipopatwa na mabaya. Daktari wa akili anatujua, kliniki nahudhuria, tunaishi vizuri.” Tunaishi! Yeye na nani? Na kilichonishtua zaidi ni kwamba ameridhika kabisa, anaimba jikoni, mimi ndiye sili silali. Yasmin amekuja tena, kila akija ananiamkia, nami nakimbilia kwenye cherehani yangu. Nilipomweleza mama yangu akasema ni pepo, kaagiza mganga kutoka Gairo, mbuzi kashafungwa uani, Jumamosi wanampunga mke wangu, naye kasema, “Ngoma ikilia napanda milimani kwa mjomba, na sirudi ng’o.” Nampenda, Mama, lakini nimeoa mtu mmoja au wawili? — Salehe

Salehe mwanangu, pole. Hata mimi ningeacha viatu. Ila mimi nimeshtushwa zaidi na huyo mbuzi. Mwenye hali yake analala, anaimba, ana daktari wake. Wewe usiyelala ndiye unataka yeye apungwe!

Hilo si pepo. Mtoto akiumizwa sana, akili yake huweza kujigawa, sehemu moja ibebe maumivu ili nyingine iendelee kuishi. Madaktari wanaijua hali hiyo, na wapo wanaoishi nayo kwa amani. Kumshika kwa nguvu na kumpigia ngoma kutamrudisha kwenye mabaya yale yale. Wala usimchimbe akueleze yalikuwa yapi.

Kweli, angekwambia kabla ya ndoa, na hilo mwambie bila ukali. Lakini nadhani aliogopa utakimbia. Nawe ukafanya nini?

Tena umeoa Uluguru hujui kuwa kule ukoo ni wa mama, na mwenye mtoto ni mjomba? Mnamwitia mganga mtoto wa watu, mjomba wake hana habari! Aibu iliyoje. Leo hii mfungue mbuzi, mwambie mama yako kwa heshima kwamba ngoma haipo. Kisha muombe Mwanahawa, akikubali, mwende wote kliniki.

Unauliza umeoa wangapi. Umeoa Mwanahawa, na Yasmin ni mtoto, mtendee kama mtoto. Nimeisoma barua yako mwanzo hadi mwisho nikitafuta neno moja, sijaliona. Mtoto anakuamkia kila mkionana, na wewe hujamwitikia hata mara moja. Akija tena, kaa hapo hapo, useme marahaba.