Kona ya Shimo Nisiyoikanyaga

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje huko Dodoma kwa wanao? Hapa Sindeni nyasi zimekwisha kabisa, na ng'ombe wako Maua ana mimba ya miezi minane. Najua wanao wanataka auzwe kabla kiangazi hakijammaliza. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuja kwako kutoka mjini Kilole, kucha zimepakwa rangi? Mahindi yako ndiyo kwanza yalikuwa yanafaa kuchoma. Ukanipa panga, ukasema tuyakate yote ya shamba la chini, mabua na mahindi yake, tumfukie Maua shimoni chakula cha kiangazi. Nililia, Shangazi. Nilidhani umechanganyikiwa. Jirani yetu Mama Hadija alisimama mpakani, mikono kichwani: "Dada, chakula cha watu hicho!" Ukamjibu huku umeinama, "Kwani maziwa wanakunywa mashetani?"

Kisha ukafanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya. Shimo lazima likanyagwe sana, maana hewa ikibaki ndani malisho yanaoza. Ukawaita akina mama wa kitongoji, ukachemsha chai ya maziwa, ukaanzisha nyimbo za harusi. Wakacheza humo shimoni juu ya mabua yaliyokatwakatwa mpaka yakashindiliwa. Hata Mama Hadija aliingia, tena akawa wa mwisho kutoka. Mimi nilisimama ukingoni, upande wa kona niliyopangiwa kukanyaga, nikijifanya napiga picha kwa simu. Niliona kinyaa kuchafua miguu.

Kiangazi, tulipofunua nailoni tuliyofunikia, shimo zima lilinukia kama togwa lililochacha, isipokuwa kona yangu. Ilikuwa nyeusi, imejaa ukungu. Ukaitazama kona, ukanitazama miguu, ukacheka hadi ukakaa chini. "Ng'ombe hali picha," ukasema. Hukulitaja tena. Uliyatoa yaliyooza kwa mikono yako mwenyewe, na kiangazi chote tulikunywa chai ya maziwa wakati majirani wanakunywa ya rangi.

Sijawahi kukwambia, lakini siku ile ndipo nilipoanza kutamani kuwa kama wewe. Ulithubutu kukata mahindi mabichi mbele ya macho ya watu, halafu kosa langu ukalicheka tu. Nakupenda kwa hilo.

Mwaka huu nimelima mwenyewe, nikakata, nikawaita akina mama. Mama Hadija ndiye aliyeanzisha wimbo. Nilichukua kona ileile, pekupeku, nikakanyaga mpaka nyonga zikauma.

Leo asubuhi nimefunua. Nilianzia kona yangu. Haina ukungu hata kidogo. Maua amemaliza beseni zima na sasa analipiga kwa pembe akitaka jingine. Waambie wanao mnunuzi asipoteze nauli yake.

Picha sikupiga, Shangazi. Mikono ilikuwa michafu.

Nakuombea miguu yako ipate nafuu,

Mtoto wa kaka yako