Wakwe Walipoiombolezea Bustani Yangu

Bi Zulekha, naomba unisaidie kabla nyumba yetu haijavunjika,

Mimi ni msichana wa Saboti, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na mimi si mtu wa kuongea, darasani nilikuwa najua jibu na bado nasubiri mwingine aseme, lakini sasa nyumbani hakukaliki na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumweleza bila kumtazama usoni.

Kwetu mahindi huanza pale ukuta wa nyumba unapoishia, baba akiona udongo mtupu hapati usingizi, lakini dada yangu Jentrix alipochumbiwa na Derrick wa Myanga, na wazee wa huko wakasema watakuja kuanza mazungumzo ya mahari, mama alimwambia baba kwamba wakwe hawawezi kupokelewa na mahindi, kwa hivyo nikapewa kipande kidogo mbele ya nyumba, kati ya tanki la maji na mahali baba anapoegesha pikipiki, nitengeneze bustani ya maua kama zile ninazotazama kwenye simu. Nilifurahi kuliko siku niliyomaliza mtihani.

Kipande chenyewe ni chembamba na kirefu. Udongo wetu hushika maji wakati wa mvua na mizizi huoza, kwa hivyo nikauinua ukawa tuta. Tuta nikalizungushia mawe niliyoyapaka chokaa, nikapanda waridi na jeraniamu, na upande wa kichwani nikaweka ule mmea wa majani marefu ambao watu hupanda mipakani na makaburini, kwa sababu hupatikana bure na haufi. Halafu mche wa pasheni ulihitaji kitu cha kutambalia, nikafunga fito mbili, moja imesimama na nyingine imelala juu yake. Nilisimama mbali nikaitazama, na kusema kweli niliona bustani. Mama alisema inapendeza. Baba alisema hapo pangetoa debe zima la mahindi.

Siku ya wageni mama na shangazi walikuwa jikoni nyuma wakipika, na baba alikuwa ameketi sebuleni na koti lake, kwa sababu anasema baba wa msichana hakimbilii wageni, wageni ndio huingia wakamkuta ametulia. Mimi nilitumwa kufungua geti. Wazee wakaingia wakicheka, wakaona bustani yangu. Kofia zikatoka vichwani. Mzee Wakhungu, ambaye ni baba mkubwa wa Derrick na ndiye msemaji wao, akanishika bega akaniuliza polepole, "Mwanangu, mlizika lini?"

Nilitaka kusema, Bi Zulekha. Jibu nilikuwa nalo, kama darasani. Lakini walikuwa wazee wengi na wote wananitazama, nikainamisha kichwa, machozi yakanitoka kwa aibu, basi ikawa nimejibu.

"Usilie, mama. Kazi ya Mungu haina makosa," akasema Mzee Wakhungu.

Mwenzake akasema, "Na ni kaburi mbichi kabisa, ona maua. Sasa si wangetuambia, bana? Ati sisi tunakuja na stori za ng'ombe na watu wako kwa kilio."

Mwingine akauliza, "Na baba ya msichana mbona hatoki?" Wakatazamana, wakalitazama tuta, na hapo wakaelewa wote pamoja.

Waliomba sana. Mzee Wakhungu alimsifu baba kwa sifa ambazo sijawahi kusikia mtu akimpa, kwamba alikuwa mkarimu na mwepesi wa kusamehe. Maneno hayakufika sebuleni, ila sauti ilifika, na mama anasema baba alimwita dirishani akamwambia, "Umeskia? Hawa ni watu wa Mungu, wanabariki boma kwanza." Alipochoka kutulia akachungulia, wageni walikuwa wameshaondoka, kwa sababu kwetu mahari haizungumzwi kwenye matanga. Kuku tulikula wenyewe.

Sasa baba akimpigia Mzee Wakhungu, yule mzee anaona jina la baba kwenye simu na kuizima. Derrick amewaeleza kwao kwamba ni maua, wakamwambia kijana anayetaka kuoa husema chochote, na kwamba watu wazima hawawezi kuombea waridi, kwa hivyo tungoje mwaka upite. Msaidizi wa mwakilishi wadi alikuja kulalamika kwamba mheshimiwa hakualikwa mazishini akahutubia. Kina mama wa kanisa walileta sukari, na mama aliipokea, anasema kurudisha sukari ni kiburi. Jentrix hasemi nami, analala akinipa mgongo, isipokuwa juzi aligeuka akaniambia, "Wewe ulinyamaza ukaua harusi yangu. Baba angalau bado anakula." Na baba ameniamuru ifikapo Jumamosi niwe nimeng'oa kila kitu apande mahindi.

Je, niing'oe? Ndicho kitu cha kwanza nimewahi kutengeneza kwa mikono yangu kikapendeza, lakini Jentrix ni dada yangu na ninamtaka acheke tena. Na kama kuna mtu wa kwenda Myanga kueleza, naomba asiwe mimi.

Ni mimi,
Mwenye Maua, Saboti


Mwenye Maua,

Nimecheka, nikamwomba Mungu msamaha, nikacheka tena. Pole sana. Sasa kaa wima tuongee.

Kwanza weka jembe chini. Ukiing'oa bustani hiyo Jumamosi, Jumapili Saboti nzima itasema mmemfukua marehemu, na mahindi yatakayoota hapo hayatapata mla. Mwambie baba yako hivyo hivyo. Habari ya mahindi kukosa mnunuzi ataisikia upesi.

Pili, usijibebeshe mzigo wote. Wazee walioona maua wakatangaza kifo bila kubisha mlango wana lao. Baba yako aliyeketi akingoja heshima mpaka akaombewa apumzike kwa amani ana lake. Na mama yako awaite wale kina mama wa kanisa, awapikie chai kwa sukari yao wenyewe, awaambie ukweli vikombe vikiwa mikononi. Mtu hawezi kukasirika vizuri huku anapuliza chai.

Lakini na wewe, binti! Umekulia Saboti, mazishi umehudhuria mpaka umezoea, kisha ukainua tuta refu, ukalizungushia mawe meupe, ukapanda mmea ambao wewe mwenyewe unaujua ni wa makaburini, ukasimika msalaba kichwani, halafu unashangaa watu kuvua kofia? Simu yako ilikufundisha maua, haikukufundisha majirani. Bustani ya mbele ya nyumba si ya mwenyewe peke yake. Kila anayepita huisoma, na huisoma kwa yale anayoyajua.

Kwa hivyo itengeneze upya. Zile fito zifungue leo, kabla ya chakula cha jioni. Mche wa pasheni uhamishie uani, utambae kwenye ua wa kayaba au wowote mlio nao. Mmea mrefu urudi mpakani kwa wenzake. Mawe yale mazuri yapange pande mbili za njia, kutoka getini hadi mlangoni, yawaongoze wageni kwenye chai. Tuta lipanue, lipinde, lizunguke tanki. Maji yanayodondoka pale yatakusaidia wakati wa kiangazi. Pikipiki ya baba ikae nyuma ya nyumba, haijawahi kumpendeza mkwe yeyote. Na katikati ya waridi panda dania na vitunguu vya majani. Sijaona Mbukusu, wala Msabaoti, wala sisi tunaoishi karibu na msikiti hapa Kitale, anayechuma kiungo cha mchuzi juu ya maiti. Wakwe wakirudi, chuma mbele yao.

Lakini watarudi kwa sababu gani? Hapo ndipo penye kazi. Baba yako aache simu. Simu ya marehemu haipokelewi. Aende Myanga mwenyewe, mchana, siku ya soko, abishane na wauza ndizi mpaka watu wakusanyike. Maiti habishani bei. Kisha afike kwa Mzee Wakhungu, na asithubutu kumcheka. Mzee aliyeombea waridi mbele ya wenzake hawezi kurudi nyuma mpaka afunguliwe njia. Baba yako amwambie amekuja kushukuru kwa maombi yale, kwamba tangu siku hiyo anajisikia na nguvu mpya. Mzee atapata la kusema nyumbani kwake: kwamba aliomba na mtu akaamka. Kwa sifa ya namna hiyo atakuja kuzungumza mahari hata kesho.

Na wewe utakwenda naye. Ndiyo, wewe. Nimesoma ombi lako la mwisho na nimelikataa. Dada yako hana ugomvi na maua. Ana ugomvi na kimya chako, na hicho hakuna baba wala shangazi anayeweza kukitoa kwa niaba yako. Anza naye usiku huu. Usimngoje ageuke, sema na mgongo wake: "Jentrix, nilikosea kunyamaza, na nitasema." Huko Myanga utasema maneno haya, nimeyafanya machache makusudi: "Mzee, kwetu hakuna aliyekufa. Ile ni bustani yangu. Nilipanda mwenyewe, na ninawaomba mje kuiona." Yafanyie mazoezi mbele ya kuku waliobaki. Sauti ikikatika, meza mate uanze upya. Mzee mwenye adabu atangoja, na asiye na adabu atangoja pia kwa sababu baba yako amesimama pale akipumua.

Una mkono wa maua, mtoto wangu, nami ningependa uutumie hadi watu wa Kitale wakuite kwao. Lakini ukinyamaza tena, safari ijayo wakwe watakuja na hema na vipaza sauti.

Bi Zulekha